Kumi na Tano Kila Upande

Mvua hiyo haikubisha hodi. Mwalimu Anitha alikuwa katikati ya kipindi cha hisabati, chaki mkononi, anawaeleza watoto wa darasa la nne namna ya kutoa namba kubwa, mara bati lote likalia kana kwamba mtu amelimwagia lori zima la kokoto. Akapaza sauti. Watoto wakaona mdomo unafunguka na kufumba, basi. Akapaza tena hadi koo likamkwaruza. Gerald, aliyekaa dawati la mbele, akakinga kiganja sikioni kama mzee anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto, na darasa zima likaangua kicheko ambacho nacho hakikusikika.

Anitha akaweka kitabu mezani. Ukweli ni kwamba hata kabla ya mvua kipindi hakikuwa kinakwenda. Tangu aripoti katika shule hii ya Masanze alishazoea kuona watoto wakinywea mara anapotaja tu neno hisabati. Wengine walishikwa na haja ndogo ghafla. Doto, binti mwembamba wa dawati la dirishani, alikuwa na ufundi wake: alijificha nyuma ya mgongo mpana wa mwenzake, akawa anasogea kushoto au kulia kuyakwepa macho ya mwalimu. Ungeweza kufundisha wiki nzima usimwone.

Sasa mvua imemnyang'anya sauti, afanye nini? Akageukia ubaoni, akachora mraba mkubwa, akaugawa vyumba tisa, safu tatu za vitatu vitatu. Kona ya juu kushoto akaandika 2. Kona ya juu kulia, 6. Katikati kabisa, 5. Pembeni, kwa tarakimu kubwa, akaandika 15. Kisha kwa mikono, kama bubu anayegombana na jirani, akawaonyesha: kwenda hivi, kumi na tano; kushuka hivi, kumi na tano; kona kwa kona, kumi na tano. Chini akapanga namba kuanzia 1 hadi 9 na kunyoosha kidole kimoja: kila namba itumike mara moja tu.

Kwa muda walimtazama tu. Halafu kule dirishani kichwa kikachomoza kutoka nyuma ya mgongo. Doto alikuwa anautazama ubao, midomo inamchezacheza. Mbili na sita, nane. Akainua vidole saba polepole, mikono yote miwili juu, kama mtu anayejisalimisha kwa polisi.

Anitha akaandika 7 katikati ya 2 na 6. Akajumlisha mstari kwa kidole, akageuka, akampigia Doto saluti.

Hapo darasa likapasuka. Watoto walisimama juu ya madawati, vidole vikapepea hewani. Gerald na Hussein nusura wakunjane mashati kwa sababu ya 8 na 9, ugomvi mzima wa ishara, hakuna neno hata moja. Kila namba ilipokubali kukaa, waliruka. Ya mwisho ilikuwa 3, na sekunde ile Anitha alipoiandika, mvua ikakatika kama bomba lililofungwa, na sauti za watoto zikabaki peke yake hewani:

"Kumi na tanooo!"

Walijishtua wenyewe. Kengele ya kutoka ikalia. Hakuna aliyetoka.

"Mwalimu, tuwekee mwingine!" akasema Hussein.

"Kengele imelia, Hussein."

"Tumeisikia, Mwalimu. Tuwekee mwingine."

Anitha alirudi nyumbani kwake jioni hiyo akitembea kama aliyefungwa springi kwenye visigino. Tope lilimpiga mpaka magotini, hata hakuliona.

Baada ya hapo mambo yakatoka mikononi mwake. Miraba ilichipuka Masanze kama uyoga. Ilichorwa kwa kijiti mchangani kwenye foleni ya bombani, ikachorwa kwa mkaa kwenye ukuta wa ghala la mahindi, ikachorwa kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha nyuma cha pikapu ya mnunuzi wa ufuta, ambaye aliendesha hadi Kilosa mjini na kurudi akiwa amebeba fumbo asilojua, na watoto wakamkimbilia ili walimalizie. Ndoo zilifurika maji huku wenyewe wamechuchumaa pembeni wanabishana. Asubuhi, Anitha akiingia darasani, hakuamkiwa tena kwa ile "Shikamoo Mwalimu" ya kuvutwavutwa. Ilikuwa "Shikamoo-Mwalimu-nimepata!" kwa pumzi moja, naye akajikuta anajibu, "Marahaba, lete tuone!"

Na lililomfurahisha kuliko yote ni kwamba kutoa na kujumlisha, vile vitu walivyovikimbia kama nyuki, sasa walikuwa wanavifanya mara mia kwa siku bila kuambiwa.

Kisha akaja bibi yake Hussein.

Aliingia shuleni saa ya mapumziko, khanga imefungwa kifuani kivita, mkono mmoja umeshika koleo ya jikoni mbali na mwili. Kwenye meno ya koleo kulikuwa na kipande cha karatasi.

"Shikamoo Bibi," Anitha akamwamkia kwa kupiga goti kidogo.

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa mjukuu wangu? Hiki nimekikuta mfukoni mwa shati lake nikiwa nafua. Vyumba tisa, namba ndani. Mimi ni mtu mzima, najua talasimu nikiiona. Nataka kumjua anayemroga mtoto, maana tangu juzi hali, halali, anaongea na ukuta."

Anitha aliuma midomo ili asicheke. "Bibi, hiyo ni hesabu. Tazama, tujumlishe pamoja. Mbili na saba na sita?"

Bibi hakuiachia koleo, ila jicho lilishuka kwenye karatasi. "Kumi na tano."

"Na huku? Tisa, tano, moja?"

"Kumi na tano." Bibi akaisogeza koleo karibu na macho. "Na huku nako?" Akaipindua koleo, akapindua na shingo. "Kumi na tano. Na kona? Mbili, tano, nane... Ah! We mwalimu! Hiki kitu ni kizima kweli?"

Watoto walishawazunguka, wanamsaidia kuhesabu kwa sauti, na kila mstari ulipotoa kumi na tano Bibi alipiga ukemi, "Haya!" na watoto nao, "Haya!" Kelele zikamfikia Mwalimu Mkuu ofisini.

Mwalimu Elikana alikuwa mtu wa milimani, zao la shule za misheni, mpenda utaratibu. Suruali yake ilipigwa pasi mpaka mkunjo ungeweza kukukata kidole. Akatoka, akasalimiana na Bibi kwa heshima, akamsikiliza. Bibi alikubali kwamba si uchawi, lakini alikuwa na dai moja: kuni hazikatwi, maji hayaletwi. Alipokwisha kuondoka na koleo yake, Mkuu akamgeukia Anitha.

"Mwalimu Anitha, mwezi wa kumi na moja watoto hawa wanafanya upimaji wa taifa. Mtihani hautawauliza miraba. Rudi kwenye jedwali la kuzidisha."

"Lakini Mkuu, wanajumlisha sasa. Hata Doto—"

"Wanakariri. Nimeiona hiyo miraba yote kijijini, hadi kwenye mlango wa choo cha walimu. Kila mmoja una tano katikati. Kwa nini tano? Kwa sababu wewe uliwawekea tano."

"Mwalimu Mkuu," akadakia Hussein, "tulijaribu zingine. Hazikubali."

"Hazikubali?" Mkuu alicheka puani. "Hakuna namba isiyokubali. Mimi nitaweka moja katikati. Mnipe hadi Ijumaa. Nikiupata huo mraba, michezo hii imekwisha. Nisipoupata, endeleeni."

Anitha alikuwa anajua, tangu chuo cha ualimu, kwamba haiwezekani. Angemwambia pale pale. Lakini watoto walikuwa wamemtolea macho, na ndani yake kicheko kilikuwa kinampanda kama soda iliyotikiswa. Akainamisha kichwa. "Sawa, Mkuu. Ijumaa."

Wiki hiyo hakuna aliyeisahau. Jumatano Mwalimu Mkuu alionekana akipita uwanjani huku midomo inamchezacheza, akaigonga nguzo ya goli na kuiomba radhi. Alhamisi suruali ilikuwa na chaki mapajani, mkunjo haupo. Mwalimu wa Kiswahili alileta habari kwamba kwenye ibada ya katikati ya wiki padri aliposema "Tuombe", Mkuu aliitikia "Tisa". Watoto walimfuata kwa mbali, wakikanyaga kwa ncha za vidole, wakirudi kumpasha Anitha: "Mwalimu, amefuta tena!" Anitha alilazimika kuingia stoo ya majembe, akajifungia, akacheka mpaka machozi yakamlowesha kola. Alipotoka alimkuta Mkuu mlangoni.

"Unalia, Mwalimu?"

"Vumbi, Mkuu."

"Pole." Naye akapita, akinong'ona, "Nane, moja, sita..."

Ijumaa, mstarini asubuhi, Mwalimu Elikana alisimama mbele ya shule nzima na ubao mdogo kifuani. Macho yalikuwa mekundu lakini yanang'aa.

"Nimepata!" alitangaza. "Moja iko katikati. Isipokuwa... mistari mitatu tu bado inasumbua."

Shule nzima ilivunjika mbavu. Hata walimu waligeuka kutazama bendera. Mkuu akainua mkono. "Kinachohitajika ni muda! Mkinipa wiki nyingine—"

"Mwalimu, hata tukikupa mpaka Krismasi haitakubali."

Sauti ilitoka safu ya darasa la nne, na safari hii hakukuwa na mgongo mbele yake. Doto alikuwa amejitokeza hatua nzima nje ya mstari, na ilielekea yeye mwenyewe ndiye aliyeshangaa zaidi kujikuta pale.

Anitha akashika shanga zake. "Eleza, Doto," alisema. "Usiogope."

"Siwezi kueleza, Mwalimu. Naweza kuonyesha. Naomba jezi."

Zikaletwa jezi za mpira za shule, zile za njano zilizowafika watoto magotini. Doto akavaa namba moja, akachora mraba mkubwa mchangani kwa kisigino, akasimama chumba cha katikati, mikono kiunoni.

"Mimi ni Moja, nakaa katikati kama Mwalimu Mkuu anavyotaka. Gerald, wewe ni Mbili. Simama popote."

Gerald akachagua kona, akapiga saluti.

"Mimi na Gerald ni tatu," akasema Doto. "Mstari unatoka kwake, unapita kwangu, unaenda kule." Akanyoosha kidole kona ya pili, tupu. "Pale anasimama nani, ili tufike kumi na tano?"

Midomo ikacheza shule nzima. Kisha kwa pamoja: "Kumi na mbili!"

"Haya. Kumi na Mbili aje."

Watu wakatazamana. Namba zilikuwa moja hadi tisa. Doto akangoja, akachungulia huku na huku kama mtu anayengoja mgeni aliyechelewa. "Gerald, hama. Nenda pembeni." Gerald akahama. "Sasa mkabala wake nani?"

"Kumi na mbiliii!"

"Hama tena!"

"Kumi na mbiliiiii!"

Gerald alizunguka mraba mzima mbio, jezi inapepea, na kila alipokanyaga shule ilimwita Kumi na Mbili asiyekuwepo, hadi sauti zikakauka. Na katikati ya zogo lile Mwalimu Elikana, aliyekuwa amejishika kichwa, akapaza sauti ya matumaini:

"Jezi namba kumi na mbili ipo! Ipo kabatini ofisini, nimeiona kwa macho yangu!"

Kwanza alisikia mwenyewe alichosema. Mabega yakaanza kumtikisika. Kisha Mwalimu Mkuu, mtu wa utaratibu, akakaa chini mchangani na suruali yake yote, akacheka hadi miwani ikamdondoka, na watoto walipoona vile hakuna aliyebaki amesimama sawasawa. Anitha alikuwa amemkumbatia Doto, wanarukaruka wote wawili kama mpira.

"Binti," Mkuu alisema alipopata pumzi, "ungenionea huruma tangu Jumatano."

"Jumatano nilikuwa bado sijajua, Mwalimu. Nimejua jana nikichambua mchele."

Mkuu akaokoka, tena wokovu wa kupindukia. Alipiga simu kila alikokuwa na namba ya mtu. Ndipo Bi Ida, afisa elimu aliyekuwa anaandaa tamasha la shule huko Mikumi, akasema kama ni hivyo, waje waonyeshe. Sasa haikuwa tena mraba wa tisa. Anitha aliwapa wa vyumba kumi na sita, kila mstari thelathini na nne, na darasa la nne walipigana nao mpaka wakauelewa ndani nje. Asubuhi ya safari walijazana ndani ya Kosta ya Lupakisyo, kijana wa Mbeya aliyekuja kufuata kazi ya udereva na kubaki, wakapita vijiji vya Ulaya na Kisanga wakiimba namba kwa mahadhi ya mchakamchaka.

Uwanja wa Mikumi ulijaa. Abiria wa mabasi ya Iringa waliokuwa wamesimama kula walivuka barabara kuu wakiwa na mishikaki mkononi, waje waone kulikoni. Watoto wakaanza kupanga mraba, kila mmoja na jezi yake. Mara Anitha akasikia kilio cha Gerald nyuma ya Kosta. Gerald alikuwa amefakamia maandazi ya watu watatu njiani, na sasa yalikuwa yanarudi moja moja. Na Gerald ndiye Kumi na Sita.

"Nipe jezi," alisema Mwalimu Elikana.

"Mkuu, ni ya mtoto—"

"Nipe jezi!"

Iliingia kichwani, ikakwama mabegani, ikashuka kwa kuvutwa na walimu wawili, ikaishia juu ya kitovu. Mkuu akatoka mbio uwanjani na kusimama kona ya kwanza aliyoiona. Kwa bahati mbaya kona ile ilikuwa ya Hussein, Kumi na Tatu.

Hussein alisimama mbele yake akijipapasa. Unamwambiaje Mwalimu Mkuu ahame, mbele ya watu wote wale?

"Shikamoo Mwalimu," alianza.

"Marahaba. Kwa nini hujasimama?"

"Nimesimama, Mwalimu. Ila... umesimama kwangu."

"Nenda kona ile pale, iko wazi!"

Hussein, mtoto mwenye adabu, akaenda. Bi Ida akaanza kuhesabu kwa kipaza sauti. Safu ya kwanza, kwenda mbele: thelathini na nne. Watu wakashangilia. Kisha akahesabu kushuka. "Upande huu... thelathini na moja. Upande ule... thelathini na saba?" Minong'ono ikapita.

Mwalimu Elikana alikunja uso. Akatazama waliopanga mstari chini yake, kidole kikaanza kuhesabu, midomo ikacheza. Ghafla akapiga kelele iliyofika sokoni: "Ni mimi! Mimi ndiye ninayeharibu! Hussein, tubadilishane!"

Wakakimbia, mmoja huku, mwingine kule, na katikati ya mbio jezi ikachanika ubavuni, *twaa!*, tumbo likapata uhuru wake. Uwanja ulilipuka. Kila mstari sasa ulipotajwa, watoto waliruka juu wakipiga makofi, "Thelathini na nne!" na kufikia mstari wa nne abiria wa Iringa nao walikuwa wanaruka, mishikaki juu, na kondakta mmoja aliyekuja kuwaita abiria wake alikuwa amewasahau kabisa, anagombana na muuza miwa kuhusu kona kwa kona.

Bi Ida alimfuata Anitha akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Mwalimu, likizo ijayo nakuhitaji. Uwafundishe walimu wa hisabati wa kata zote hizi. Utakubali?"

Anitha alitaka kujibu kama mtu mzima, lakini alishikwa na kwikwi ya kicheko. "Nita... *hik*... kubali," alisema, na Bi Ida akampigapiga mgongoni.

Jioni walianza safari ya kurudi, jua linapiga ubavuni mwa Kosta. Doto alikuwa amepewa kiti cha mbele, cha heshima. Haikuchukua muda akamgeukia dereva.

"Anko Lupakisyo, fikiria namba yoyote. Usiniambie. Zidisha mara mbili. Ongeza kumi. Gawanya kwa mbili. Sasa toa ile uliyoifikiria mwanzo. Umebaki na tano."

Kosta ikapunguza mwendo. Ikaenda pembeni. Ikazimwa kabisa, kando ya shamba la mahindi karibu na Kisanga.

"Nani kakwambia?" Lupakisyo aliuliza.

"Hakuna. Jaribu nyingine."

Akafumba macho, vidole vinahesabu kwenye usukani. Akayafumbua. "Tano. Subiri." Akafumba tena; safari hii alichukua namba za usajili wa gari lake mwenyewe. Nyuma watoto walikuwa wamepandana viti vyote, hawapumui. "Tano!" alifoka. "Haiwezekani! Wewe mtoto, sisogezi gari hili mpaka uniambie."

"Ukiambiwa utamu unaisha, Anko. Fikiria mwenyewe."

"Mwalimu Anitha, mwambie aniambie!"

Anitha alitikisa kichwa huku anacheka. Mwalimu Elikana, jezi yake iliyochanika imefungwa kiunoni, aliinama sikioni kwa dereva akamnong'oneza kwa huruma ya mtu anayeyajua maumivu hayo: "Usikimbilie. Angalia kinachotoka na kinachobaki."

Lupakisyo akashuka. Akazunguka gari. Watoto wakamfuata kwa macho, dirisha hadi dirisha. Alizunguka tena, akapiga teke tairi, akasimama ghafla na kunyoosha kidole mbinguni.

"Namba yangu naingiza mwenyewe, naitoa mwenyewe! Haina kazi! Kinachobaki ni nusu ya ile kumi yako!"

Kosta nzima ilitikisika kwa vifijo. Lupakisyo akarukia usukani, akakandamiza honi na kuishikilia, na honi ikalia ndefu juu ya mahindi, mpaka wakulima wakachomoza vichwa shambani kuuliza ni harusi ya nani.